Barabara yetu ya Ngamiani inapanuliwa: wenyeji wa Kariakoo, Msimbazi ilipopitishiwa mwendokasi mlibaki na mtaa gani?

BintiNgamiani

Shikamooni wakubwa, na wenzangu hamjambo.

Mie ni mkazi wa Ngamiani, Tanga, kwenye zile barabara za namba. Tumeitwa kikao cha mtaa tukaambiwa barabara yetu mojawapo itapanuliwa: lami mpya, mitaro ya zege, taa, na "miundombinu ya waenda kwa miguu na baiskeli". Mchoro ulioneshwa ukutani kwa projekta, ukazimwa kabla watu hawajamaliza kuvaa miwani. Nilichowahi kukiona ni mistari ya kijani pande zote mbili, na nyumba zetu zimechorwa visanduku vyeupe, hakuna baraza hata moja.

Asiyeijua Tanga aelewe kwamba baiskeli kwetu ni chombo cha kila mtu. Mwalimu anakwenda nayo kazini, mama anampeleka nayo mtoto shule na kurudi na ndoo ya samaki kutoka Deep Sea, fundi anafunga ngazi kwenye keria akaondoka. Simama asubuhi karibu na soko la Mgandini uone baiskeli na magari vinavyopishana. Barabara ni nyembamba, na kila dereva anajua mlango wowote unaweza kutoka mtoto, kwa hiyo anakwenda taratibu. Hatujawahi kuwa na njia ya baiskeli iliyochorwa, na hatujawahi kuihitaji, kwa sababu mwendo wa mtaa wenyewe ndio ulinzi wetu. Sasa barabara ikiwa pana, ule mwendo utabaki?

Nyumba yetu aliijenga babu. Ni ile ya Kiswahili mnayoijua: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, uani nyuma, baraza mbele. Mama anakaanga bagia barazani jioni, wazee wanacheza bao, msiba ukitokea turubai linafungwa hapo. Tumeambiwa nyumba hazitaguswa, ila "vilivyo mbele ya nyumba" vitapisha. Mbele ya nyumba ni wapi, kama sio baraza?

Kikaoni wanaounga mkono walisema tazameni Dar, mpaka tuzo ya kimataifa ya usafiri wamepata. Wanaopinga wakasema tazameni Kariakoo. Nawauliza nyie mnaoishi huko. Msimbazi ilipopitishiwa mwendokasi, yale mabasi yenye njia yake peke yake, waliokuwa pembeni yake walipatwa na nini? Njia za baiskeli zinatumika kweli? Na mngerudishwa kwenye kikao cha kwanza kabisa, mngedai nini?

Fundi_wa_Sikukuu

Marahaba mwanangu. Umeuliza mapema, na hilo ni jambo kubwa. Wengi huuliza tingatinga likishawasha injini.

Mimi ni fundi baiskeli. Nimezaliwa Kariakoo, nimekulia mtaa wa Sikukuu, na kijiwe changu mpaka leo kiko huko huko, si mbali na Msimbazi. Ninayokueleza nayaona nikiwa nimekaa kwenye kigoda, usawa wa magurudumu.

Nianze na haki yake. Mwendokasi umesaidia watu. Mabasi yalianza kubeba abiria Mei 2016, njia ya karibu kilomita 21: Kimara mpaka Kivukoni kwa Barabara ya Morogoro, tawi moja likaenda Morocco, na tawi letu likakata pale Fire na kushuka Msimbazi mpaka Gerezani. Kabla ya hapo, mtu wa Kimara akija Kariakoo kuchukua bidhaa alikuwa ananing'inia kwenye daladala mpaka jua linakuwa kali. Hata tuzo hiyo ya mwaka 2018 ni kweli, Dar ndiyo ilikuwa jiji la kwanza la Afrika kuipata. Atakayekwambia barabara ile haikuleta kitu hakuwahi kusimama Magomeni Mapipa saa kumi na mbili asubuhi miaka ile.

Lakini wewe hukuuliza habari za abiria wa Kimara, umeuliza habari za walio pembeni.

Kariakoo, kama Ngamiani yenu, ilichorwa kwa rula. Mjerumani aliipima kabla ya Vita Kuu ya Kwanza: mitaa imenyooka, inakatana kila baada ya nyumba chache, viwanja vidogo vidogo. Mwingereza akaja akauacha Mnazi Mmoja uwanja mtupu, sie tukae huku, wao na mji wao wakae kule. Nia ilikuwa mbaya, ila mchoro wenyewe ulitufaa kuliko walivyokusudia, kwa kuwa kila kona ilikuwa na njia. Unatoka Sikukuu unataka Ilala, unakatiza. Unataka sokoni, unakatiza. Aprili 1953, TAA, chama kilichoitangulia TANU, ilipomchagua Nyerere kuwa rais wake pale ukumbi wa Arnautoglo, ilikuwa ni mwendo wa miguu tu kutoka milango mingi ya Kariakoo. Huu ni mtaa wa kukatiza, na siasa yake, biashara yake na undugu wake vyote vilikua kwa kukatiza.

Msimbazi ndiyo iliyofungwa. Njia za mabasi ziko katikati, zimezungushiwa kingo za zege, magari mengine yakabanwa pembeni. Mkokoteni wa viazi uliokuwa unatoka upande wa Mchikichini ukaingia moja kwa moja mitaa ya sokoni, siku hizi sehemu nyingi lazima uende mpaka kwenye taa, usubiri, uvuke, kisha urudi ulikotoka kwa upande wa pili. Kwenye ramani ni kipande kidogo tu. Kwa mtu anayesukuma magunia juani ni jasho la ziada kila safari, na hakuna anayemlipa. Kwa hiyo haendi kwenye taa. Anatafuta mahali kingo imevunjika, anamwita mwenzake, wanaupandisha kwa mabega, huku basi linakuja.

Hapo ndipo kazi yangu inapoingia. Zamani baiskeli ya mizigo ikiletwa kwangu, ugonjwa wake ulikuwa nyuma: spoki zimekatika kwa sababu keria imebeba kreti za soda kupita kiasi. Siku hizi wanakuja na rimu ya mbele. Imebonyea mahali pamoja tu, kwingine kote nzima. Nikimuuliza mteja, jibu ni lile lile, kateremka kingo akiwa na mzigo. Kingo za zamani zilikuwa zimelika, baiskeli inateremka bila kushtuka. Hizi mpya zina kona kali na kimo kinachokaribia shibiri. Gurudumu la mbele linatangulia kuanguka, mzigo wote wa nyuma unasukuma kuja mbele, rimu inabonyea, na spoki mbili tatu za hapo zinalegea kwa pamoja. Naigeuza baiskeli miguu juu, nazungusha gurudumu nikitazama mwanya kati ya rimu na raba ya breki: unakuja mpana, unabana, unakuja mpana. Nakaza huku, nalegeza kule. Mara nyingi hainyooki yote. Mteja anaondoka na breki inayogusa kila mzunguko, na hana hela ya rimu mpya.

Shida hii ilikuwa inaepukika bila gharama ya maana. Pale mtaa mdogo unapokutana na barabara kubwa, kingo ilazwe, iteremke polepole mpaka usawa wa lami. Walipoilaza, baiskeli zinapita salama, na anayefaidika zaidi wala si mwenye baiskeli. Ni mama mwenye mtoto mgongoni na mzee mwenye fimbo. Kwa hiyo mchoro ukirudishwa ukutani, mwanangu, achana na kijani. Tazama kona. Rangi inapakwa siku ya mwisho na mvua ya kwanza inaianza, lakini kona ikishamwagwa zege utakaa nayo mpaka uzeeke.

Njia za baiskeli zipo. Kwenye Barabara ya Morogoro zimejengwa sambamba na za waenda kwa miguu, na asubuhi utawakuta watu humo, wauza maziwa, mafundi ujenzi wanaowahi vibarua. Ubovu wake ni kukatika. Ukifika kwenye mlango wa kituo cha mafuta, imekatika. Barabara nyingine ikiingia, imekatika, na hapo ndipo gari linapokata kona na ndipo mtu anapogongwa. Mahali panapotaka ulinzi kuliko pote ndipo wanapokuacha ujitetee mwenyewe. Bodaboda wakikimbia foleni wanapita humo, magari yanaegeshwa humo. Na kadiri unavyokaribia Kariakoo, ambako baiskeli ni nyingi kwa sababu ndiko mizigo iliko, meza za biashara zinaimeza nafasi yote.

Siwalaumu machinga, na naomba na nyie msiwalaumu. Umejenga njia pana ya pembeni, watu kwa maelfu wanashuka kituoni, mwenye mtaji wa soksi dazani mbili akae wapi? Oktoba 2021 waliondolewa, pembeni pakaonekana peupe, na baadaye wakarudi mmoja mmoja. Mchoro wenu usipoonyesha mama yako anakaangia bagia wapi, atakaangia kwenye njia ya baiskeli. Kisha watakuja watu wawagombanishe yeye na mwenye baiskeli, wakati wote wawili wamenyimwa nafasi na mchoro mmoja.

Sasa baraza. Nyumba ya babu yangu mzaa mama ilikuwa na ngazi tatu kutoka chini mpaka barazani. Kila mtaa ulipokarabatiwa, tabaka jipya lilimwagwa juu ya la zamani bila kuchimbua. Nilipokuwa kijana zilibaki ngazi mbili. Nilipooa, moja. Masika moja maji yakavuka baraza yakaingia ukumbini, yakafika miguu ya kitanda cha bibi. Tukajenga tuta dogo la saruji mlangoni, mwaka uliofuata yakalivuka. Nyumba ile haikuguswa na tingatinga, wala haikuandikwa X ya kubomolewa. Barabara iliizidi kimo, basi, mpaka wajomba wakaona bora wauze. Leo pana ghorofa, chini maduka, juu maghala ya vitambaa, na usiku hakuna anayelala humo isipokuwa mlinzi.

Niwe mkweli, hayo hayakuletwa na mwendokasi. Maghorofa yalianza kuota Kariakoo biashara ilipofunguliwa, miaka ya 1980 na 1990. Lakini barabara kubwa ikija mahali ambapo nyumba zimeshaanza kuuzwa, inamalizia.

Na maji msiyasahau kabisa. Karakana ya mabasi yenyewe ilijengwa Jangwani, bondeni mwa Mto Msimbazi, mahali ambapo kila mtoto wa mitaa hii anajua panajaa. Pamefurika si mara moja, mabasi yakasimama na Barabara ya Morogoro ikafungwa. Ulizeni kwenu maji yatakwenda wapi, na mtaro unaishia kwa nani.

Ningedai kimo cha lami kiandikwe kwa namba kwenye mchoro, pamoja na kimo cha sakafu ya kila nyumba. Ningedai baraza zichorwe. Ningedai kwenye kila makutano njia ya baiskeli na ya miguu ipite juu, kama tuta, gari ndilo lipande na kushuka, baiskeli iende moja kwa moja. Na ningedai saa na mahali pa kushusha mizigo, kwa sababu kirikuu la mizigo lisipopewa pake litasimama pa baiskeli kila siku ya Mungu.

Napanga_Mbagala

Fundi nakuheshimu, kaka, na maneno ya rimu yamenigusa. Ila niseme na upande wetu.

Mimi napanga Mbagala, nauza mikoba Kariakoo. Wanaolilia baraza ni wenye baraza. Sisi tulio wengi mule Kariakoo mchana hatulali Kariakoo, hatuwezi kodi yake. Kwangu mtaa wa kihistoria ni mahali ninapofika nimechelewa na kuondoka nimechoka. Miaka yote nimekuwa naamka alfajiri ili tu nipate pa kusimama ndani ya gari. Barabara inayonipunguzia hata saa moja ni saa moja na wanangu. Binti, kwenye kikao chenu waulizeni pia wapangaji na wanaotoka nje ya mtaa, wasiwepo wenye nyumba peke yao.

Baiskeli ninayo, iko ndani, tairi zimeisha upepo. Nani apande kwenye Barabara ya Kilwa katikati ya malori ya bandari? Pakiwa na kitu kinachosimama kati yangu na lori, kingo au nguzo, napanda kesho. Rangi haizuii lori.

Fundi_wa_Sikukuu

Hapo kwenye lori tuko pamoja kabisa, mdogo wangu. Na hilo la wapangaji nalipokea. Wapangaji wa nyumba yetu ndio waliotoka kwanza, miaka mingi kabla wajomba hawajauza, na hakuna aliyewaita kikaoni.

Guta_la_Buguruni

Dada, ongeza swali moja, la wakati wa ujenzi. Watu wote wanauliza barabara ikiisha itakuwaje. Mimi nasukuma guta, napeleka mikate na maji madukani, na njia yangu ni Uhuru kuingia Kariakoo. Uhuru ilichimbwa kwa ajili ya mwendokasi wa upande wa Gongo la Mboto. Mabati yakizungushwa, gari kubwa litaelekezwa njia nyingine na kibao kitawekwa. Guta na baiskeli hakuna anayetuwekea kibao. Unajikuta kwenye kifusi, mvua ikinyesha ni tope mpaka kwenye cheni, na mteja wako hajali, anataka mkate kabla ya chai.

Nilichokiona kwa macho yangu: maduka madogo yaliyokuwa nyuma ya mabati hayakufa kwa barabara, yalikufa kwa kusubiri barabara. Mwenye duka kubwa anahamishia bidhaa tawi lingine. Mwenye genge la nyanya anamaliza mtaji kwa kula. Barabara inafunguliwa nzuri, inapendeza, na waliokuwepo zamani hawapo, wamekuja wengine. Dai barabara ijengwe vipande vifupi vifupi, kipande kiishe ndipo cha pili kianze. Na dai upana wa kupitisha mkokoteni ubaki wazi upande mmoja muda wote. Mkokoteni ukipita, kila kitu kingine cha mtaani kitapita, hata jeneza.

Mpemba_Amsterdam

Assalamu alaykum jamaa. Naishi Amsterdam na nafanya kazi karibu na Nieuwmarkt, nikaona nichangie, maana watu wakisikia Uholanzi wanadhani baiskeli zilianza na Nuhu.

Mtaa huu wa Nieuwmarkt, na ule wa Wayahudi uliopakana nao, ni mji mkongwe hasa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Wayahudi wengi walichukuliwa wakauawa, nyumba zikabaki tupu. Baridi kali ya 1944 kuingia 1945 watu waliobaki mjini, kwa njaa na kukosa kuni, waling'oa mbao za nyumba zile. Baada ya vita manispaa ikaziona kuta mbovu zisizo na wenyewe, ikapanga kupitisha barabara pana ya magari kutoka mtaa wa Jodenbreestraat kuelekea stesheni kuu. Kipande cha kwanza kikapanuliwa kweli. Mpaka leo ukipita hapo unaona upana usiolingana na mji, kisha ghafla mtaa unabana.

Unabana kwa sababu hapo ndipo watu waliposimama. Vijana walihamia kwenye nyumba tupu wakazitengeneza, wakakataa kutoka. Mwaka 1972 baraza la mji likaifuta ile barabara, kwa tofauti ya kura moja. Metro, treni ya chini ya ardhi iliyopangwa kupita hapo hapo, haikufutwa, na Machi 1975 polisi walipokuja kuwatoa watu ili nyumba zibomolewe paliwaka kweli kweli. Metro ikajengwa, lakini juu yake nyumba mpya zikapandishwa kwenye mstari wa mtaa wa zamani, na ile nyumba ya fahari ya karne ya 17, Pintohuis, iliyokuwa ivunjwe ili njia ipanuke, bado imesimama.

Baiskeli zilikuwepo tangu zamani, ila miaka ile zilikuwa zinafukuzwa na magari. Mwaka 1971 waliokufa barabarani Uholanzi walikuwa kama 3,300, na zaidi ya 400 kati yao watoto. Wazazi wakaingia mitaani na mabango, wakafunga barabara watoto wapate kucheza. Njia nzuri mnazoziona kwenye picha zilitafutwa kwa miguu na kwa kelele.

Fundi, maneno yako ya maghala yamenirudisha hapa. Kilichoirahisishia manispaa kubomoa ni nyumba kukosa watu. Binti, msikubali kutoka kwenye nyumba zenu "kwa muda" kupisha ujenzi. Nyumba yenye moshi jikoni ni ngumu kuivunja.

BintiNgamiani

Ahsanteni sana, nimewasoma wote, na mama nimemsomea kwa sauti. Kwenye ngazi tatu kuwa moja alinyamaza, kisha akatoka kwenda kutazama baraza letu. Yetu imebaki ngazi moja na nusu. Ile nusu ilikuwa ngazi nzima nilipokuwa mdogo, nakumbuka nilikuwa siwezi kuipanda bila kushikwa mkono.

Kaka wa Mbagala umenifumbua. Kwetu kuna vyumba viwili vya wapangaji, na kikaoni hawakuitwa. Nimeongea nao leo. Mmoja anauza mkaa kwa baiskeli na hoja yake ni ile ile ya kingo, kabla sijamwambia chochote.

Mzee wangu Fundi, nina swali la mwisho. Kikao cha pili kinakuja na sisi hatuna mhandisi. Tuanzie wapi ili tusionekane tunapiga kelele tu?

Fundi_wa_Sikukuu

Anzieni na futi, mwanangu. Ile ya chuma ya mafundi seremala.

Kwanza mjue barabara hiyo ni ya nani. Mitaa mingi ya mijini iko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu ilipoanzishwa 2017, na barabara kuu ziko kwa wakala mwingine, TANROADS. Ukimuuliza mhandisi wa huku habari za kule utazungushwa bila sababu.

Kisha piteni nyumba kwa nyumba, vijana wawili na mzee mmoja anayejulikana, asikataliwe mlango. Pimeni kutoka lami ya sasa mpaka sakafu ya baraza, kutoka sakafu ya baraza mpaka kizingiti cha mlango, na upana wa baraza kuja barabarani. Simamisheni futi ukutani mpige picha, namba zisomeke. Pale maji yalipowahi kufika, mwenye nyumba aonyeshe alama, muipime nayo. Wengi watakuonyesha, ukuta wa chokaa hausahau maji. Halafu asubuhi ya siku ya shule simameni kwenye kila kona mtakayogusiwa na barabara, mhesabu: baiskeli, mikokoteni, watoto, magari, vya kukatiza kando na vya kwenda moja kwa moja kando. Andikeni kwenye daftari la mistari, kila kona ukurasa wake, na saa mlizosimama.

Mkishamaliza, toeni nakala. Moja mpelekeeni mtendaji, moja mhandisi, na yenu igongwe muhuri wa kupokelewa, na tarehe. Bila muhuri hamjapeleka kitu. Siku ya kikao usianze na historia ya babu, ingawa najua inauma. Fungua ukurasa wa kona ya kwanza, soma namba, kisha uliza: hapa kingo itakuwa na kimo gani, na lami mpya itapanda kwa kiasi gani? Wakisema hawajui, waombe waandike kwenye muhtasari kwamba hawajui, na watarudi lini na jibu.

Picha za baraza zikipatikana ziweke hapa. Nami kesho nitapiga za rimu nilizonazo kijiweni, uende nazo.

BintiNgamiani

Futi ya chuma tumeazima kwa seremala wa Barabara ya 9, na yule mpangaji wetu wa mkaa amekubali kusimama kwenye kona ya sokoni. Tunaanza Jumamosi, nyumba ya kwanza ni yetu. Nasubiri picha za rimu, mzee wangu.